Kukikalisha kimeng'enya juu ya kaboni: shajara ya betri ya sukari

3 Februari

Nimefungua daftari jipya leo. Kazi ni kutengeneza elektrodi mbili za kaboni: moja ing'oe elektroni kutoka kwenye glukosi, nyingine izipokee elektroni hizo na kuzikabidhi kwa oksijeni. Pande zote mbili anayefanya kazi awe kimeng'enya, si platinamu. Ukiziunganisha kwa waya, umeme unapita. Jina lake la kitaalamu ni seli ya fueli ya vimeng'enya. Hapa maabara tunaiita betri ya sukari.

Wazo lina umri. Yahiro na wenzake walionyesha seli ya namna hii mwaka 1964, miaka miwili baada ya Clark na Lyons kueleza jinsi ya kupima glukosi kwa kimeng'enya kilichowekwa kwenye elektrodi. Mwaka 2010 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walipandikiza moja ndani ya panya, ikatoa umeme kwa sukari ya mwili wake. Na vile vipande vya kupimia sukari ya damu tunavyonunua duka la dawa ni ndugu zake wa damu: vingi ni kaboni iliyochapwa juu ya plastiki, na kimeng'enya juu ya kaboni. Ninachokitafuta ni kipande kama hicho kinachojiendesha chenyewe, kisichohitaji kifaa chenye betri ya kifungo. Zahanati ya mbali betri ikiisha, kipimo kinalala kabatini.

Anodi, yaani elektrodi ya kung'oa elektroni, itabeba kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, kinachotoka kwenye ukungu wa Aspergillus niger. Kathodi, ile ya kuzikabidhi kwa oksijeni, itabeba lakesi, ya uyoga wa miti uitwao Trametes versicolor. Unga wa oksidesi una rangi ya manjano. Manjano hiyo ni FAD, molekuli iliyo tumboni mwa kimeng'enya na ndiyo inayopokea elektroni za sukari. Nimeiandika hapa kwa wino mwekundu kwa sababu mradi mzima unazunguka hapo: elektroni ikishafika kwenye FAD, itatokaje hadi kwenye kaboni?

6 Februari

Siku ya mirija. Mirija nano ya kaboni, aina ya kuta nyingi. Ukifungua chupa unaona masizi matupu, mepesi kiasi kwamba upepo wa feni unayapeperusha. Nimezima feni, nimevaa barakoa na glavu, jasho limenitiririka.

Uzuri wake ni kwamba uso mkubwa sana unakaa mahali padogo, umeme unapita vizuri, na unene wa mrija unakaribiana na ukubwa wa kimeng'enya chenyewe. Tabu yake ni kushikamana. Ndani ya maji inajikusanya mabonge. Nimepima miligramu 2.5 kwenye mililita 1 ya DMF, kiyeyushi, na kuiacha kwenye bafu la mawimbi ya sauti dakika 30. Imeingia kama uji uliokatika, imetoka kama wino. Kipimo changu ni kuinamisha chupa: wino ukiteleza kwenye kioo bila kuacha chembe, uko tayari.

Elektrodi ya chini ni kaboni-kioo ya kipenyo cha milimita 3. Nimeisugua kwa unga wa alumina, nikichora namba nane juu ya kitambaa, mpaka uso wake ukawa kioo cheusi. Tone moja la mikrolita 10, kisha kuiacha ikauke hadi kesho.

11 Februari

Namna ya kufunga. Njia rahisi kuliko zote ni kudondosha kimeng'enya na kukiacha kikauke, lakini bafa (maji yenye pH iliyotulizwa) ikipita juu yake kinaondoka kidogo kidogo. Njia nyingine ni kuichemsha mirija kwenye asidi ya naitriki ipate vikundi vya kaboksili, kisha kuviunganisha na protini. Siipendi. Asidi inautoboa ukuta wa mrija, na ukuta huo ndio barabara ya elektroni.

Nimechagua pireni. Ni pete nne za kaboni zilizoungana, bapa kama kigae. Inalala juu ya ukuta wa mrija, ubapa kwa ubapa, na maji hayaibandui. Mkiani mwake kuna esta, kundi la kikemia linalotafuta amini (kundi lenye naitrojeni) na kufungana nayo, na nje ya kimeng'enya kuna laisini, yaani asidi amino zenye amini, nyingi. Hongjie Dai na wenzake wa Stanford waliionyesha njia hii mwaka 2001. Ukuta wa mrija unabaki mzima, protini inashikwa kwa kifungo cha kweli.

Pireni saa moja, kuosha mara tatu, kisha kimeng'enya miligramu 5 kwa mililita ndani ya bafa, usiku kucha kwenye nyuzi 4.

13 Februari

Hakuna kitu. Kipimo cha rangi ni hiki: elektrodi inazamishwa kwenye glukosi yenye peroksidesi, kimeng'enya kingine, na ABTS, kemikali inayogeuka kijani. Kimeng'enya kikiwa hai kinatoa haidrojeni peroksidi, peroksidesi inaitumia, maji yanageuka kijani. Nimekaa dakika 20 nikiyatazama, yamebaki meupe.

Fundi sanifu wetu ndiye aliyeliona kosa. Alichukua chupa ya bafa mezani kwangu, akaisogeza dirishani.

"Mwanangu, hii ni ya watu wa protini. Hii ni Trisi."

"Nilidhani ni fosfeti, Mzee. pH ni ileile."

"pH ni ileile. Lakini Trisi ina amini yake yenyewe. Hiyo esta yako imeolewa kabla bwana harusi hajafika."

Ni kweli kabisa. Molekuli za Trisi zilikuwa nyingi mno kuliko za kimeng'enya, zikazijaza esta zote. Namwandikia atakayefuata njia hii: kwa esta ya aina hii tumia fosfeti, usitumie Trisi, na usikawie. Ndani ya maji inaoza. Kwenye baridi na pH 7 utapata saa kadhaa; ukiipandisha pH hadi 8.6 unabaki na dakika kama kumi.

20 Februari

Nimerudia kwa fosfeti. Kijani ndani ya dakika tatu! Kimeng'enya kipo na kiko hai.

Mchana nikaiweka kwenye potenshiostati, kifaa cha kupima mkondo kwenye volti unayoichagua, kwa voltametri ya mzunguko, yaani volti inapandishwa na kurudishwa huku mkondo ukipimwa, pH 7. Vilele viwili vimesimama vizuri ajabu, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, karibu -0.45 V dhidi ya elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha. Hapo ndipo FAD inapotarajiwa. Nikaongeza glukosi. (Niliiyeyusha jana makusudi. Kimeng'enya kinakula umbo la beta peke yake, na glukosi huhitaji usiku mmoja ili alfa na beta zitulie.) Kilele cha chini kikabadilika palepale, mkondo ukapungua.

Vilele kwenye mahali pa FAD, na glukosi inavigusa. Nimempigia Profesa simu kumwambia elektroni zinatoka kwenye kimeng'enya zenyewe, moja kwa moja, bila msaidizi. Nimelala kwa furaha.

21 Februari

Profesa amefika saa mbili asubuhi, hajakaa. Ameuliza swali moja tu.

"Kijana, uliondoa oksijeni?"

Sikuondoa.

25 Februari

Nimechukua siku nne na nitaziandika kwa kirefu, maana ndizo zilizonifunza zaidi katika mradi huu.

Kwanza naitrojeni. Nimepuliza dakika 30 kabla ya kila kipimo na kuiacha ipite juu ya maji wakati wa kupima. Vilele vipo palepale. Nimeongeza glukosi: hakuna kilichobadilika. Nimeongeza tena, mara kumi zaidi. Mistari imelaliana kana kwamba nimeongeza maji. Kama elektroni zingekuwa zinatoka kwenye sukari, zikapita FAD, zikafika kwenye kaboni, mkondo wa oksidisho ungepanda na kuendelea kupanda. Haukupanda hata kidogo.

Basi badiliko nililoliona tarehe 20 lilikuwa nini? Lilikuwa oksijeni. Hewani, oksijeni nayo inapokea elektroni kwenye kaboni, na mkondo wake unajazia kilele cha chini. Ukiweka glukosi, kimeng'enya kilicho hai kinafanya kazi yake ya asili, yaani kuila sukari na kuikabidhi oksijeni elektroni. Oksijeni inapungua pale juu ya elektrodi, na mkondo wake unapungua nayo. Mimi nikasoma upungufu huo kana kwamba ni kimeng'enya kinazungumza na kaboni.

Pili, kimeng'enya kilichochemshwa. Dakika 15 kwenye maji yanayochemka, mpaka kikawa na ukungu mweupe. Nikakiweka kwenye mirija kama kawaida. Kipimo cha rangi: hakuna kijani. Potenshiostati: vilele vilevile, palepale, virefu zaidi.

Tatu, FAD peke yake, bila protini yoyote. Tone moja juu ya mirija, kuosha, kupima. Vilele vilevile.

Hapo nikaweka kalamu chini. FAD haikufungwa kwa kifungo cha kudumu ndani ya glukosi oksidesi. Imeshikiliwa tu na umbo la protini. Protini ikifumuka juu ya ukuta wa kaboni, FAD inachomoka, na kwa kuwa nayo ina pete bapa, inalala kwenye mrija kama inavyolala pireni. Vilele vyangu vizuri vilikuwa vya FAD iliyokwisha kuhama nyumba. Kimeng'enya kilichobaki hai kilikuwa pembeni kinakula oksijeni, na wawili hao hawakuwa na uhusiano wowote.

27 Februari

Si mimi wa kwanza kufika hapa. George Wilson aliandika mwaka 2016 kwamba glukosi oksidesi ya asili haipitishi elektroni moja kwa moja hadi kwenye elektrodi. Mwaka 2018 Philip Bartlett na Firas Al-Lolage wakazipitia hoja zilizotolewa kuhusu mirija na grafini (tabaka moja la kaboni), wakasema hakuna ushahidi wa jambo hilo. Nilikuwa nimezisoma makala zote mbili mwaka jana, nikazipigia mstari kabisa. Tarehe 20 sikuzikumbuka.

Sababu yenyewe ni umbali. FAD imezama kama nanomita 1.5 ndani ya protini, na juu yake kuna ganda la sukari ambalo ukungu huvisha kimeng'enya chake. Elektroni hupenya ndani ya protini bila waya, lakini kila umbali ukiongezeka kwa takriban nanomita 0.17 kasi inashuka mara kumi. Ukizidi nanomita 1.4 hivi, kwa kazi ya umeme ni kama njia imefungwa. Mrija hata uwe mwembamba vipi hauingii humo. Nilikuwa najiambia, kama wanavyojiambia wengi, kwamba mrija ni kama sindano inayochoma hadi tumboni mwa kimeng'enya. Ukichora vyote viwili kwa skeli moja, mrija wetu ni gogo na kimeng'enya ni embe. Nimeuchora huo mchoro na kuubandika ukutani juu ya potenshiostati.

Kuanzia leo kila elektrodi inatengenezwa na wenzake watatu: isiyo na kimeng'enya, yenye kilichochemshwa, na yenye FAD tupu. Kazi imekuwa mara nne. Profesa amekubali tuagize mirija zaidi.

14 Machi

Masika yameanza na umeme umekatika tangu usiku, saa tisa mfululizo. Kimeng'enya cha unga kimepona kwenye friza, lakini vile nilivyoviyeyusha vimepoteza nguvu kwa zaidi ya nusu. Vimemwagwa. Tangu leo tunayeyusha cha siku moja tu.

24 Machi

Anodi mpya, mpango mpya. Kama kimeng'enya hakiwezi kuifikia kaboni, apatikane wa kati. Nimetumia naftokwinoni: molekuli ndogo, bapa, yenye pete mbili. Inaingia karibu na FAD, inapokea elektroni, inazikabidhi kwa mrija. Ni dalali, na kama dalali yeyote anachukua chake. FAD iko -0.45 V, naftokwinoni iko karibu -0.2 V, kwa hiyo robo volti inabaki kwake. Nimekubali kulipa.

Mpangilio: wino wa mirija, kisha pireni, kisha kimeng'enya kwa fosfeti, mwisho naftokwinoni. Nimepuliza naitrojeni. Bila glukosi, vilele viwili vya naftokwinoni. Nikaingiza glukosi ya milimola 5, kiwango cha damu ya mtu mwenye afya.

Mstari ukanyanyuka. Kilele cha kurudi kikafifia, mkondo wa juu ukapanda ukawa kama kilima. Milimola 10, ukapanda tena. Milimola 20, tena. Mwanafunzi anayenisaidia alikuwa ameshika pipeti, akaniuliza, "Kaka, iongezwe?" Nikamwambia angoje kwanza. Tukapima iliyochemshwa: naftokwinoni ipo, glukosi ipo, mkondo haukuongezeka. Tukapima yenye FAD tupu: vilevile, kimya. Ndipo nikamwambia aongeze.

2 Aprili

Kathodi. Lakesi ni kimeng'enya cha tabia tofauti kabisa. Kina atomi nne za shaba. Moja iko karibu na uso, ndani ya kijishimo kinachopenda vitu vyenye mafuta. Hapo ndipo kinapopokelea elektroni. Nyingine tatu ziko ndani zaidi, umbali wa kama nanomita 1.3, na hapo oksijeni inapokea elektroni nne na kuwa maji, haipiti kwenye peroksidi. Kwa hiyo lakesi ina mlango wa nje. Ukikiweka vizuri, hakihitaji dalali.

"Ukikiweka vizuri" ndiyo kazi yote. Nilikifunga kwanza kwa pireni na esta, kama oksidesi. Mkondo ulipatikana, ila kidogo. Laisini zimetapakaa pande zote, kwa hiyo kimeng'enya kimoja kinashikwa kichwani, kingine mgongoni, na milango mingi inatazama hewani. Kukifunga na kukikalisha ni mambo mawili.

Fraser Armstrong na wenzake wa Oxford walionyesha mwaka 2007 kwamba anthraseni, pete tatu zilizopangwa mstari, ikipandwa kwenye kaboni inaingia kwenye kile kijishimo. Inafanana na fenoli za mbao ambazo lakesi imezizoea, kwa hiyo kimeng'enya kinaikaribisha na kujigeuza chenyewe, mlango ukaelekea kwenye kaboni. Nimeipandikiza kwa njia ya chumvi ya diazoni, juu ya barafu, ndani ya kabati la hewa, kwa glavu mbili, maana amino-anthraseni tunayoanzia ni sumu ya vinasaba.

pH 5, naitrojeni: mstari umelala. Nikafungua hewa, na kuanzia karibu +0.6 V mkondo ukaanza kushuka chini, mteremko mkali. Nikapuliza oksijeni safi, ukashuka zaidi. Elektrodi yenye lakesi iliyochemshwa haikufanya chochote kwenye volti hizo. Nikaweka chumvi ya kawaida, maana kloridi huizuia lakesi hii, na mkondo ukafifia kama ilivyotakiwa. Ikinijibu ndiyo kwa oksijeni na hapana kwa chumvi, naiamini. Ukilinganisha na ile ya pireni, mkondo umekuwa mara tatu na kidogo. Na hakuna kifungo hata kimoja kati ya kimeng'enya na kaboni! Kimekaa tu mahali pake.

10 Aprili

Zimeungana. Chombo kimoja, bafa ya pH 5.5 kwa sababu ndipo vyote viwili vinaelewana, glukosi milimola 50, hewa ya kawaida. Volti bila mzigo: 0.58.

Baada ya saa moja kathodi ilianza kulegea. Oksidesi ya anodi haimpi dalali kila elektroni. Nyingine inaendelea kuipa oksijeni, na peroksidi inayotoka inaifikia lakesi na kuizuia. Nimeongeza katalesi kwenye anodi, ivunje peroksidi palepale inapozaliwa. Watu wa Grenoble nao waliichanganya katalesi kwenye mirija yao iliyogandamizwa, mwaka 2011. Kathodi imetulia.

Kufika asubuhi volti zilikuwa 0.44. Nimezipima elektrodi moja moja dhidi ya rejea: kathodi haijasogea, anodi ndiyo iliyopanda. Naftokwinoni inachomoka na kuingia majini. Inahitaji mkia wake wa pireni, ifungwe kama tulivyokifunga kimeng'enya. Hiyo ndiyo kazi ya mwezi ujao, pamoja na dehaidrojenesi ya glukosi yenye FAD, ambayo haijali oksijeni kabisa na itatuondolea habari ya peroksidi. Bei yake ni kubwa, nimeandika ombi.

16 Aprili

Lakesi ya kununua inachukua wiki nyingi kufika. Uyoga mamama, unaolimwa hapa kwenye mabanda ya nyasi, nao una lakesi, na mkulima akishavuna mifuko inatupwa. Jana nimeleta mfuko mmoja uliokwisha vunwa, umejaa maganda ya mbegu za pamba yaliyofungwa na nyuzi nyeupe za uyoga, unanuka udongo uliolowa. Nimekata gramu 50, nikaziloweka kwenye bafa ya pH 5, nikakamua kwa kitambaa. Maji yametoka rangi ya chai hafifu.

Nimegawa kwenye neli mbili na kuweka katalesi kidogo, ili peroksidi yoyote isinichanganye. Neli moja nimeichemsha dakika 15. Zote mbili nimezipa ABTS saa nne na dakika kumi.

Saa nne na dakika kumi na nne neli ya kushoto ni kijani iliyokolea. Ya kulia, iliyochemshwa, bado ni rangi ya chai.